Kadi ya Bi Hamdiya

Usiku wa wanawake katika harusi ya dada yangu Shatha uliruhusiwa kamera moja tu, nayo ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Hamdiya. Mlangoni palikaa wanawake wawili wenye mabega mapana, wakipekua mikoba. Kamera ya mtu mwingine yeyote ilitiwa sandukuni mpaka sherehe iishe. Ndani ya ukumbi watu wamevua mabuibui, nywele zi wazi, nguo zimeshonwa kwa miezi. Picha moja ikitoka nje, ikaonwa na mwanamume asiyehusika, ni fedheha ya nyumba nzima.

Zamani za filamu picha zilipelekwa studio, na studio kuna mwanamume anayezisafisha. Ndiyo maana wanawake wengi wa kwetu wameolewa bila picha hata moja. Mama yangu hana. Bibi yangu hana. Shatha alikuwa ameniambia tangu siku ya posa: "Mimi nitakuwa nazo, kaka Talal. Nataka nije niwaonyeshe watoto wangu." Kwa hiyo mwaka ule wa 2004, Bi Hamdiya alipoletewa na bintiye kamera ya dijitali kutoka Dubai, isiyotaka filamu wala studio, Shatha alifurahi kuliko alivyofurahia dhahabu.

Zilipigwa picha mia na kumi na mbili, kadi ikajaa. Lakini Bi Hamdiya alikuwa na kadi moja tu, na Alhamisi ya wiki ile ile alikuwa na harusi nyingine mjini Sur, ya binti wa kaka yake Marhoon. Akatoa sharti lake kwa sauti kavu: Jumanne alasiri Marhoon atampitia kwa gari waende Sur. Mpaka saa hiyo, picha ziwe zimehamishwa kwenye kompyuta na kadi iwe tupu. Zisipohamishwa, atazifuta zote.

Kompyuta ilikuwa kwetu, Al Amerat, chumbani kwangu. Na mjuzi wa kompyuta katika ukoo wote nilikuwa mimi. Silisemi kwa majivuno, ingawa nayo ninayo. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa karani wa stoo ya vipuri vya magari kule Ghala, nikakaa na kompyuta ya ofisi wakati wenzangu wanakwenda kula, nikaifungua, nikaiharibu, nikaitengeneza, mpaka meneja akawa ananiita mimi badala ya fundi. Kidude cha kusomea kadi nilikinunua mwenyewe. Jumanne niliomba ruhusa, nikakaa nyumbani kumngoja mama mkwe wa dada yangu.

Akaja baada ya adhuhuri kwa teksi kutoka Matrah, buibui limenyooka, kamera kifuani kama amebeba kitoto. Mama yangu hakuwapo. Alikuwa amekwenda huko huko Matrah kumpelekea Shatha chakula, kwa kuwa Shatha alikuwa fungateni, ndani siku saba na mumewe Ghassan, hatoki. Nyumbani nilikuwa mimi na bibi yangu mzaa mama, Bibi Kheiria.

"Hodi hapa kwa watu wa Unguja," akasema Bi Hamdiya.

"Karibu, mtu wa Tabora," Bibi akajibu. "Umekuja na asali au na mdomo tu?"

"Asali mmeimaliza siku ya posa. Mlikunywa kama maji."

Wakacheka, wakabusiana mikono, kahawa ikanywewa, halua ikaliwa. Bi Hamdiya alizaliwa Tabora, Bibi amezaliwa Malindi ya Unguja, kabla koo zetu hazijavuka bahari kuja huku, na tangu posa ile ilipokubaliwa hawakuacha kutaniana. Mimi niliangalia saa. Kisha tukaingia chumbani kwangu, mlango ukaachwa wazi, na Bi Hamdiya akakaa kwenye kiti changu, baina yangu na kompyuta.

"Kwanza utaapa," akasema. "Lete Msahafu, uushike, uape kwamba huzitazami."

"Siapi," nikasema.

Bibi akanikata jicho.

"Siapi, Bi Hamdiya. Mimi nikisema jambo nimesema. Anayeapishwa ni mtu aliyewahi kudanganya. Nitajie siku niliyokudanganya, nitaapa mara tatu."

"Sijakujua hata mwaka mzima, siku zako nitazijulia wapi?"

"Basi anza kunijua leo. Na hata hivyo hakuna haja. Kompyuta naweza kuiamuru isionyeshe picha. Itaonyesha majina tu, orodha ya namba. Nitahamisha namba, sitaona mtu."

Akafikiri. "Na ukitaka kumwona mtu?"

"Nabonyeza jina mara mbili."

"Ahaa!" Akapiga goti lake. "Mara mbili! Yaani baina ya wewe na wanawake arobaini wa watu pana vibonyezo viwili. Basi mtume wangu! Utaapa, au nakwenda zangu."

Ukweli wangu ulikuwa umenitia kitanzini, na damu ikanipanda. Nilijua vizuri kwamba kushika Msahafu hakunipunguzii kitu. Lakini niliona nikiapa nimekubali kwamba mimi ni mtu wa kuchunguliwa mfukoni, na jambo hilo sikuliweza. Bi Hamdiya akaanza kuitia kamera kwenye mfuko wake.

Bibi akachukua simu yake ya mkononi, ya GSM, akampigia Shatha. Sijui alimwambia nini kwa sauti ndogo, ila simu ilinijia sikioni.

"Kaka Talal, apa."

"Siapi, Shatha."

"Apa kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nitafanya kingine chochote."

"Kingine kipi? Mimi nimefungiwa huku, na yule ataondoka alasiri. Zikifutwa zimefutwa, kaka. Sitaolewa tena nipigwe nyingine."

Mwisho wa maneno yake sauti ilikatika. Shatha si mtu wa kulia ovyo. Nikaisikia pumzi yake tu, kisha nikamrudishia Bibi simu, nikasimama katikati ya chumba nikitazama vitu vilivyomo: kitanda, kabati, meza, waya wa kibodi. Waya ulikuwa mrefu.

"Bi Hamdiya," nikasema, "kaa hapo hapo. Nitafanya kazi uso ukutani. Kompyuta itakuwa nyuma yangu, kibodi nitaipakata, vidole vyangu vinajua njia. Bibi atashika mausi, atanieleza anachokiona. Wewe tulinde. Nikigeuza shingo, chukua kadi yako."

Akaitoa tena kamera mfukoni. "Uso ukutani kweli?"

"Kweli."

"Bila kioo cha kabati?"

Sikuwa nimekifikiria kioo cha kabati. Bibi akavua kanga yake ya mabegani akaitundika juu yake.

Tukaanza. Nilimletea Bibi kiti kingine mbele ya kompyuta kabla kadi haijatiwa, nikamfundisha mausi. Bibi ana miaka sabini na moja na mkono wake hautetemeki, kwa sababu mpaka leo anashona kofia za vito, zile zenye vitundu vilivyotariziwa, kwa sindano. Alichukua dakika tano tu.

"Kumbe ni kama pasi ya makaa," akasema. "Unaisukuma, haikuunguzi."

Kisha nikageuka, nikakaa juu ya kitanda na kibodi mapajani, pua yangu shibiri moja kutoka ukutani. Bi Hamdiya akaitia kadi kwa mkono wake mwenyewe.

"Imewaka taa," akasema.

"Bibi, unaona nini?"

"Kimefunguka kijidirisha kina mistari mistari ya Kizungu. Kuna na vipicha."

Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Bibi anasoma, tena anasoma sana: Qurani anaikhitimisha kila mwezi, na barua zake za Kiswahili anaziandika kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri kuliko wangu. Lakini herufi za Kizungu hazijui hata moja. Na Bi Hamdiya ni vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuniambia maneno, aliniambia maumbo. "Hapa pana bahasha ya manjano." "Hapa pana mkasi." "Hapa pana alifu, chini yake nukta, imo ndani ya pembetatu." Hiyo ya mwisho ilinipa homa mpaka nilipojua ni onyo la virusi ambalo lilikuwapo tangu Ramadhani. Robo saa ilipita tukielekezana, hata hatimaye madirisha mawili yakakaa ubavu kwa ubavu kwenye kioo: la kadi kushoto, na la folda yangu, niliyoiita kwa jina la Shatha, kulia.

"Sasa Bibi, bonyeza ndani ya lile lenye picha."

"Nimebonyeza. Subhanallah! Huyu Nasriya huyu? Hamdiya, njoo umwone Nasriya!"

"Usimtaje jina!" Bi Hamdiya akafoka. "Mtoto anasikia!"

"Jina si uso. Jina lake liko hata kwenye daftari la duka."

Nikabonyeza vitufe vya kuchagua zote, kisha vya kunakili. "Sasa bonyeza ndani ya lile jeupe."

"Tayari."

Nikabonyeza vya kubandika, nikangoja. Kompyuta ikaanza kunguruma kama mtu anayetafuna barafu.

"Lo!" Bibi akasema. "Karatasi zinaruka! Zinatoka bahasha hii zinaingia bahasha hii. Moja, nyingine, nyingine. Hamdiya, umeona? Zinaruka zenyewe."

"Nimeona. Hazigongani?"

"Hazigongani. Zina adabu kuliko watu kwenye pilau."

Nilikuwa nimeegemeza paji la uso ukutani nikitabasamu peke yangu. Rangi ya ukuta ilikuwa na ufa mdogo mfano wa wadi, lile bonde kavu la mto, ukiutazama kutoka mlimani, na nafikiri naweza kuuchora mpaka leo. Zikapita dakika nane. Karatasi zikaacha kuruka. Nikamwambia Bibi ahesabu picha za pande zote mbili, akahesabu kwa tasbihi: mia na kumi na mbili huku, mia na kumi na mbili huku.

"Bi Hamdiya," nikasema kwa sauti ya ushindi, "harusi imo ndani ya kompyuta. Imebaki kuisafisha kadi yako."

Nje gari likapiga honi. Alikuwa Marhoon, amewahi.

"Fanya hima," akasema Bi Hamdiya.

Haraka ile ndiyo iliyonivuruga. Kabla yake nilikuwa nikisema "lenye picha" na "lile jeupe". Sasa yote mawili yalikuwa na picha. Kwa hiyo nikasema neno jepesi kuliko yote: "Bibi, bonyeza ndani ya dirisha la kwanza."

"Nimebonyeza la kwanza."

Nikachagua zote, nikabonyeza kitufe cha kufuta.

"Inauliza jambo," Bibi akasema. "Na imetoa picha ya kapu."

"Ndiyo, kapu la taka. Tunafuta, Bibi." Nikabonyeza kukubali.

"Limekuwa jeupe."

"Khalas! Bi Hamdiya, toa kadi yako, nenda Sur kwa amani."

Nikamsikia akiichomoa kadi, akaitia kwenye kamera, kamera ikalia mlio wake wa kuamka. Yeye si mtu wa kuambiwa jambo akaliamini bila kulishika. Nikasikia akibonyeza vitufe. Kisha:

"Mbona wamo?"

"Akina nani?"

"Wote! Huyu Nasriya, huyu wifi yangu, huyu mimi. Umesema umefuta, nao wamo humu humu wanacheka! Basi acha, nitafuta mwenyewe, binti yangu alinionyesha."

Mimi nikautazama ule ufa wa ukutani. Kama picha zimo kwenye kadi, basi nilichofuta ni nini? Dirisha la kwanza. Kushoto. Lakini la kwanza kwa nani? Bibi yangu hajafungua kitabu katika maisha yake yote kinachoanzia kushoto. Msahafu unaanzia kulia. Barua zake zinaanzia kulia. La kwanza kwake lilikuwa la kulia, nalo lilikuwa la kompyuta.

"Usifute!" nikapiga kelele.

"Bip," ikasema kamera.

"Nimeshafuta," akasema Bi Hamdiya.

Nje Marhoon aliacha honi. Nilikaa na kibodi mapajani, nikisikia sauti ya Shatha: zikifutwa zimefutwa, kaka. Nikawaeleza kilichotokea, polepole, nikiutazama ukuta. Bibi akawa wa kwanza kuelewa.

"Basi mimi ndiye niliyeziua," akasema.

"Si wewe, Bibi. Nilisema vibaya."

"Wewe umesema la kwanza, nami nikabonyeza la kwanza. Nani kakosea?"

"Hakuna," nikasema, na kwa kulisema hilo akili ikanirudia. "Subirini. Bibi, lile kapu uliloliona. Kompyuta ikifuta kitu chake yenyewe haikitupi moja kwa moja. Inakitia kwanza kwenye kapu la taka. Kinakaa humo mpaka mtu amwage."

"Kapu la taka!" Bi Hamdiya akaruka. "Wanawake wa watu, wamevaa dhahabu, kwenye kapu la taka! Na dada yangu mkubwa yumo!"

"Yumo, na yu hai," nikasema. "Tutamtoa."

Nikabonyeza vitufe vya kushusha madirisha yote. Nikamwambia Bibi atafute kapu pembeni mwa kioo, aligonge mara mbili upesi upesi. Hapo alishindwa. Aligonga kwa heshima, kama mtu anayebisha mlango wa wagonjwa.

"Upesi, Bibi. Kama unavyomgonga kuku anayekula mchele wako."

Tak-tak. "Limefunguka! Zimo, Talal. Zimejaa tele."

"Je, kando ya picha kuna mistari ya maneno?"

"Ipo miwili, mmoja juu ya mwenzake."

Nilijua mistari hiyo. Mmoja unarudisha kila kitu kilipotoka. Mwingine unalimwaga kapu, na kilichomwagwa hakirudi. Lakini upi uko juu? Kapu lile nililimwaga mara mia kule Ghala, na sikuwahi hata siku moja kurudisha kitu. Mimi sikuwa mtu wa kurudi nyuma. Mkono wangu ulijua kumwaga tu, tena kwa njia nyingine, kwa kitufe cha pili cha mausi. Nikawaeleza na hilo.

Honi ikalia tena. Bi Hamdiya alipumua kwa nguvu. Nilimsikia akiinuka kitini, akakaa, akainuka.

"Geuka," akasema.

"Nini?"

"Geuka, mwanangu, usome. Zitapotea. Bi harusi ni binti yangu na mimi."

Shingo yangu ilianza kwenda. Ilikwenda kidogo, nikaona pembe ya kabati na kanga ya Bibi. Kisha nikasimama hapo.

"Nikigeuka," nikasema, "wale wanawake arobaini utawaambia nini? Walivua mabuibui kwa neno lako. Uliwaambia hakuna mwanamume atakayeona."

Nikarudisha uso ukutani mwenyewe. Nyuma yangu nikamsikia akikaa, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile kavu niliyoizoea. "Kweli. Amana si yangu peke yangu."

"Nyie wawili," akasema Bibi, "mmekaa mnasifiana, na mimi mkono unaniuma. Talal, hayo maneno ukiyaona umbo lake kwenye karatasi, utayajua?"

"Nitayajua."

"Basi nipeni karatasi na kalamu. Watu wananiletea kofia ya mtu mwingine, wanasema, Bi Kheiria, nataka vito kama hivi hivi. Sijui maana ya ua wala nyota, nahesabu tundu tu, nalichora, linatoka lile lile. Kizungu kitanishinda kwa nini?"

Bi Hamdiya akampa kadi ya mwaliko wa harusi iliyobaki mezani, ukurasa wa nyuma mweupe. Bibi akachora. Nilisikia kalamu ikikwaruza taratibu, naye akijisemea: "Kijiti kimesimama, kina vijiti vitatu vya kulala... huyu ana matako mawili kama mtu amekaa upande..." Bi Hamdiya akamkosoa: "Hicho kina mkia." "Nimeuona mkia wake, tulia." Alichora kutoka kulia kwenda kushoto, herufi ya mwisho mwanzo, lakini alichora kila kitu mahali pake, kama kilivyokaa kwenye kioo. Kisha karatasi ikapitishwa juu ya bega langu.

Naapa, na sikuapa siku ile ila ninaapa sasa kwa hiari yangu, sijaona mwandiko mzuri wa Kizungu kama ule. Kila herufi ilisimama imara kama imetariziwa. Mstari wa juu ulianza na E: huo ni wa kumwaga. Mstari wa chini ulianza na R: huo ni wa kurudisha.

"Bibi," nikasema, "bonyeza mstari wa chini."

"Wa chini. Huu ulio karibu na tumbo langu?"

"Huo."

Juu na chini hakuna anayetofautiana nako, awe amesomea chuo cha Qurani au skuli. Tak. Kompyuta ikaanza kutafuna barafu yake.

"Zinaondoka," Bibi akasema. "Talal, zinaondoka! Kapu limekuwa tupu!"

"Fungua ile folda ya Shatha."

Tukatafutana na bahasha za manjano kwa muda ulioonekana mwaka. Kisha Bibi akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha sauti ya msichana wa miaka kumi na sita, kikatoka dirishani, na nje Marhoon akauliza kwa sauti, "Harusi nyingine tena?"

"Wamo!" Bi Hamdiya akasema. "Wamo wote! Huyu wifi yangu. Huyu dada yangu, kafumba macho, siku zote anafumba. Kheiria, pandisha juu, hebu nimwone Shatha. Pale. Mashallah. Mashallah, tabaraka Allah. Uso kama umewashwa taa kwa ndani."

Wakahesabu tena kwa tasbihi. Mia na kumi na mbili. Nilikuwa bado ukutani, na machozi yalinitoka kidogo. Yaliishia kwenye ukuta, hakuna aliyeyaona.

Bi Hamdiya alipoaga alisimama mlangoni. Alifunga kamera yake kwenye mkoba, akaufunga na mkoba, kisha akasema bila kunitazama, "Ghassan wangu ana akili, lakini angegeuka." Akaenda zake Sur.

Kule kazini Ghala, nilipowasimulia, fundi mmoja alinicheka akaniambia kuna vitufe viwili tu vya kibodi vinavyorudisha kilichofutwa dakika ile ile, bila kapu wala kuchora. Nilimwambia asante, na kwa siku mbili sikula naye.

Siku ya nane fungate ikaisha, Shatha akaja Al Amerat na hina bado nyekundu mikononi. Wanawake wakajaa chumbani kwangu, juu ya kitanda, chini, kwenye ukingo wa dirisha. Safari hii Shatha alishika mausi mwenyewe. Mlango ulifungwa, mimi nikatolewa chumbani mwangu kama mpangaji asiyelipa, nikakaa kwenye ngazi za ua na kikombe cha chai ya maziwa.

Bi Hamdiya alifika nyuma ya wengine, kutoka Sur, vumbi la safari bado kwenye viatu. Alipita karibu nami, akasimama, akanitilia kadi mkononi.

"Mia na sita," akasema. "Harusi ya Sur. Nimewaambia ni wewe utakayehamisha, wakakubali. Ila Bibi yako awepo."

Hakutaja Msahafu. Akaingia ndani, mlango ukafungwa nyuma yake, na kicheko kikapanda mpaka paka wa jirani akashuka ukutani.

Nilikaa pale nikisikiliza. Unaweza kujua mengi kwa kusikiliza. Kicheko cha ghafla kilichokatika katikati: mtu amejiona mwenyewe. Kimya kirefu chenye "ah" mwishoni: nguo ya mtu. Sauti ya mama yangu, ambaye hakuwa na picha hata moja ya harusi yake, ikisema tena na tena, "Rudisha ile. Rudisha ile, Shatha."

Baada ya saa nzima Shatha akatoka, macho mekundu, akakaa kando yangu kwenye ngazi na kuninyang'anya kikombe.

"Kuna mbili zimetoka giza," akasema. "Na moja ni ya kidole cha mtu. Zilizobaki zote nzuri."

"Alhamdulillahi."

"Nikuhadithie?"

"Zile za wanawake wa watu usinihadithie."

"Sizo. Nakuhadithia zetu. Kuna moja ya Bibi." Akanywa chai yangu, akafuta mdomo. "Bibi kasimama katikati ya ukumbi, kavaa ile suruali yake ya marinda na kanzu ya zari, kashika leso kwa mikono miwili juu ya kichwa. Anacheza. Nyuma yake Bi Hamdiya naye anacheza, kabeba sinia kichwani. Wanatazamana kama watu wanaogombana. Na mimi nipo pembeni, nimekaa kwenye kiti kile kikubwa, nimesahau kwamba bi harusi hacheki. Meno yote nje, kaka Talal. Yote."

Nikacheka. Akacheka naye. Ndani wakamwita, "Shatha! Njoo, imekwama!" na sauti ya Bibi ikajibu kabla yake:

"Haijakwama. Mwacheni. Nipisheni mimi nikae."